Sumu ya Ganzi na Dripu ya Mafuta: Mwongozo Kamili kwa Kila Anayechoma Ganzi

Bupivakaini, moja ya dawa za ganzi, ikiingia kwa wingi kwenye mkondo wa damu, moyo unaweza kusimama ndani ya dakika chache. Moyo uliosimamishwa na dawa hii ni mkaidi: unakandamiza kifua, unachoma adrenalini, unashtua kwa mashine, na bado hauitiki. Kwa miaka mingi wataalamu wa usingizi walibaki na njia moja tu ya uhakika, yaani kumuunganisha mgonjwa na mashine ya moyo na mapafu mpaka dawa itoke yenyewe. Leo kuna dawa ya kuokoa, nayo ni dripu nyeupe ya mafuta ya soya, ileile ambayo wodi za watoto njiti na vyumba vya mahututi huitumia kulishia wagonjwa wasioweza kula.

Mwongozo huu ni wa wauguzi wa usingizi, maafisa tabibu, madaktari, wataalamu wa meno, na wote wanaotahiri au kushona vidonda kwa ganzi. Nina jambo moja ambalo sitachoka kulirudia: dripu hii husaidia pale tu inapokuwa karibu na sindano ya ganzi. Ikiwa imefungiwa stoo ya famasi na mwenye ufunguo ameshakwenda nyumbani, kwa mgonjwa wako haipo.

Mafuta yanafanya nini mwilini

Dawa za ganzi hufanya kazi kwa kuziba milango ya sodiamu kwenye neva, ndipo maumivu yakakosa njia ya kupita. Zikifika kwenye ubongo na moyo huziba milango ileile. Bupivakaini ina ubaya wa ziada: huing'ang'ania milango ya moyo na huiachia polepole, na juu ya hapo huzuia seli za moyo kuingiza asidi za mafuta kwenye mitokondria, ambako nguvu hutengenezwa. Moyo unakosa umeme na chakula kwa wakati mmoja.

Ugunduzi wa dawa ya kuokoa ulikuja kinyume na matarajio. Daktari Guy Weinberg wa Chicago alikutana na mgonjwa mwenye upungufu wa kanitini (kemikali ya mwili inayoingiza mafuta kwenye mitokondria) ambaye moyo wake ulivurugika kwa kiasi kidogo tu cha bupivakaini. Akashuku kwamba mafuta yangezidisha sumu, akaenda maabara kujaribu kwa panya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1998 yalikuwa kinyume kabisa: panya waliopewa mafuta walihitaji bupivakaini nyingi zaidi ndipo moyo usimame. Mwaka 2003 timu yake ilirudia kwa mbwa 12 ambao mioyo yao ilikuwa imesimamishwa na bupivakaini. Sita waliopewa mafuta walipona wote. Sita waliopewa maji ya chumvi hakupona hata mmoja.

Mwaka 2006 ndipo ikaripotiwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu, huko New York. Mwanamume wa miaka 58 alichomwa ganzi ya neva za bega, moyo ukasimama, akakandamizwa kifua kwa takriban dakika 20 bila mafanikio. Alipopewa ml 100 za mafuta ya asilimia 20, moyo ukarudi. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa usingizi cha Uingereza na Ireland kikatoa mwongozo wake, na Marekani nao wakafuata.

Zamani ilielezwa kwamba mafuta hunyonya dawa kutoka kwenye damu na kuishikilia. Maelezo ya sasa yanakwenda mbali kidogo: mafuta huibeba dawa kutoka kwenye moyo na ubongo na kuipeleka kwenye misuli na ini, ambako haidhuru sana na ambako huvunjwavunjwa. Wakati huohuo mafuta yenyewe huupa moyo nguvu ya kusukuma. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa kwa wingi na kwa haraka.

Hesabu kabla ya sindano

Sumu nyingi huzuilika kwa hesabu ya nusu dakika. Chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, zidisha kwa 10, utapata miligramu zilizomo katika kila mililita. Bupivakaini ya asilimia 0.5 ina mg 5 kwa ml. Lignokaini, ganzi nyingine, ya asilimia 2 ina mg 20 kwa ml.

Kikomo cha bupivakaini ni mg 2 kwa kila kilo ya uzito. Lignokaini tupu ni mg 3 kwa kilo, na ile iliyochanganywa na adrenalini ni mg 7 kwa kilo. Mama wa kilo 50 asizidishe mg 100 za bupivakaini, yaani ml 20 za asilimia 0.5 au ml 40 za asilimia 0.25. Mtoto wa kilo 15 anayeng'olewa jino au kushonwa kidonda kwa lignokaini tupu ya asilimia 2 kikomo chake ni mg 45, ambazo ni zaidi kidogo tu ya ml 2. Bomba la ml 5 likijazwa likaisha lote, mtoto huyo amezidishiwa mara mbili.

Hatari kubwa iko pale watu wawili wanapochoma bila kuambizana. Tuseme mama huyo wa kilo 50 amefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya mgongo, mg 10 za bupivakaini. Mwishoni mtaalamu wa usingizi anamchoma ganzi ya ukuta wa tumbo, ml 20 za asilimia 0.25 kila upande. Hizo ni mg 100, na kikomo kimeshafika. Daktari mpasuaji, kwa nia njema kabisa, anamalizia na ml 10 za asilimia 0.5 kwenye kidonda, mg 50 nyingine. Jumla imefika mg 160 kwa mwili uliostahili 100, tena mwili wa mama aliyetoka kujifungua, ambao huathirika upesi zaidi. Dawa ni kuandika ubaoni jumla ya miligramu zilizokwisha kutumika, na mtu yeyote asichukue bomba la ganzi kabla ya kuisoma ile namba kwa sauti. Ukichanganya aina mbili za ganzi, sumu zake hujumlishwa: nusu ya kikomo cha hii na nusu ya kikomo cha ile ni kikomo kizima.

Punguza zaidi kwa mtoto mchanga, mzee, mjamzito, mgonjwa wa ini au moyo, na aliyekonda kwa utapiamlo, kwa kuwa protini ya kuishika dawa ndani ya damu yake ni chache.

Wakati wa kuchoma, vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia, kisha toa ml 3 hadi 5, subiri kidogo ukimtazama mgonjwa na monita, halafu endelea. Kutoona damu hakukupi hakika, kwa sababu mshipa mdogo unaweza kujibana kwenye ncha ya sindano. Altrasaundi ikiwepo itumie, hupunguza hatari hii. Na kwa ganzi ya mkono ya kufunga tanikweti (mkanda wa kuzuia damu), ile ya Bier, usitumie bupivakaini kamwe. Tumia lignokaini ya asilimia 0.5, na usifungue tanikweti kabla ya dakika 20 kutimia hata kama upasuaji umechukua dakika tano.

Kisanduku cha uokoaji

Tafuta kisanduku kimoja, kiandike kwa herufi kubwa, na kiweke mahali ambapo ganzi huchomwa. Ndani yake weka jumla ya lita moja ya emulsheni ya mafuta ya asilimia 20, yaani ile dripu nyeupe (Intralipid ndiyo inayojulikana zaidi), mabomba manne ya ml 50, sindano nene za kuvutia, seti ya dripu, kiungo cha njia tatu, kanula kubwa, na karatasi ya dozi iliyofunikwa kwa plastiki.

Soma maandishi ya mfuko. Ile mifuko ya lishe yenye vyumba vitatu, ambayo mafuta yamewekwa pamoja na sukari na amino asidi, haifai kwa kazi hii. Propofoli, dawa ya usingizi ya sindano, nayo haifai. Ni kweli inafanana kwa rangi na imeyeyushwa kwenye mafuta, lakini mafuta yake ni asilimia 10 tu, na ukitaka kupata mafuta ya kutosha kupitia propofoli utakuwa umempa mgonjwa dozi ya propofoli itakayomaliza presha na moyo uliokuwa unajaribu kuuokoa.

Mafuta haya hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 25, na yasigande kwa baridi. Kwa hospitali za Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hiyo ina maana ya chumba chenye kiyoyozi, siyo kabati lililopigwa na jua la alasiri. Kabla ya kutumia, inua mfuko kwenye mwanga: yanapaswa kuwa meupe sawasawa. Ukiona michirizi ya njano au matone ya mafuta yaliyojitenga juu, mfuko huo ni wa kutupa.

Mfuko ukikaribia kuisha muda, wapelekee wodi ya watoto njiti au chumba cha mahututi wautumie, nao wakupe mpya. Hivyo hospitali haipotezi fedha, na famasi hukosa sababu ya kukunyima.

Maneno ya mgonjwa ndiyo kengele ya kwanza

Vitabu vinaorodhesha dalili kwa lugha ya kitabibu. Mgonjwa hatazungumza hivyo. Atasema masikio yanavuma au yanalia. Atasema mdomo umekufa ganzi, ulimi mzito, anasikia ladha ya chuma kama amenyonya sarafu, kichwa chepesi, anaona mbilimbili. Mwingine ataanza kuongea sana au kuhangaika bila sababu, au aliyekuwa anaongea atanyamaza ghafla.

Wagonjwa wetu wengi huona haya kumsumbua daktari, kwa hiyo mwambie mapema kabla hujagusa sindano: "Mama, ukisikia masikio yanavuma au mdomo unakufa ganzi, niambie hapohapo, usivumilie." Kisha endelea kuzungumza naye muda wote unaochoma. Kumbuka pia kwamba mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi hawezi kukuambia lolote. Kwake dalili ya kwanza yaweza kuwa degedege, au moyo wenyewe.

Baada ya dalili hizo hufuata misuli ya uso kurukaruka, degedege, kisha kupoteza fahamu. Kwenye moyo, presha na mapigo yanaweza kupanda kwanza, halafu vikaporomoka. Mawimbi ya monita yanatanuka, mapigo yanapotea mpangilio, moyo unasimama. Mara nyingi haya hutokea ndani ya dakika tano za kuchoma, lakini yanaweza kuchelewa mpaka saa nzima hasa dawa ilipochomwa kwenye nyama. Wengine huruka hatua zote na kuanzia kwenye moyo. Badiliko lolote la akili au la moyo kwa mtu aliyetoka kuchomwa ganzi lichukulie kuwa ni sumu ya ganzi mpaka uthibitishe vingine.

Hatua kwa hatua

Acha kuchoma. Ita msaada kwa sauti na utamke: "Sumu ya ganzi, leteni kisanduku cha mafuta!" Kila aliye ndani aelewe jambo ni moja.

Njia ya hewa ndiyo inayotangulia, hata mbele ya mafuta. Mpe oksijeni ya asilimia 100, mpumulishe kwa ambu (mfuko wa kupumulishia kwa mkono) kama hapumui vizuri, na weka mpira wa koo ikibidi. Ukosefu wa oksijeni na asidi ikipanda kwenye damu huongeza makali ya sumu papo hapo. Ila usimpumulishe kwa kasi kupita kiasi.

Zuia degedege kwa midazolamu au diazepamu, dozi ndogondogo ukirudia. Propofoli iepuke mgonjwa akiwa na presha isiyotulia.

Mafuta usiyaweke akiba mpaka moyo usimame. Miongozo ya zamani iliyachelewesha hivyo. Sasa huanzishwa mara tu dalili zinapokuwa nzito au zinapoongezeka: degedege, kupoteza fahamu, mapigo kuvurugika, presha kushuka. Yanapita kwenye kanula ya kawaida ya mkononi, hayahitaji mshipa mkubwa wa shingoni.

Dozi ya kwanza ni ml 1.5 kwa kila kilo, kwa dakika 2 hadi 3. Inayofuata hapohapo ni dripu ya ml 0.25 kwa kilo kwa kila dakika. Kwa aliyenenepa sana tumia uzito unaolingana na urefu wake. Karatasi ya ukutani iwe na namba zilizokwisha hesabiwa:

- Kilo 10: ml 15, kisha ml 2.5 kwa dakika, usizidishe jumla ya ml 120
- Kilo 20: ml 30, kisha ml 5 kwa dakika, jumla ml 240
- Kilo 50: ml 75, kisha ml 12.5 kwa dakika, jumla ml 600
- Kilo 60: ml 90, kisha ml 15 kwa dakika, jumla ml 720
- Zaidi ya kilo 70: ml 100 kwa dakika 2 hadi 3, kisha ml 200 hadi 250 kwa dakika 15 hadi 20

Kikomo cha jumla kwa wote ni ml 12 kwa kilo.

Kwa mikono inafanyika hivi. Toboa mfuko kwa seti ya dripu yenye kiungo cha njia tatu, vuta ml 50 kwenye bomba, geuza kiungo, sukuma kwa mgonjwa, rudia. Mama wa kilo 50 ni bomba moja na nusu. Dripu inayofuata, ml 12.5 kwa dakika, kwa seti ya matone 20 kwa ml ni matone 250 kwa dakika. Hakuna anayeweza kuyahesabu. Kwa hiyo mpe mtu mmoja bomba na saa, asukume ml 12 au 13 kila dakika inapopita, na mwingine aandike. Kwa mtoto fanya hivyo bila mjadala, kwa sababu dripu iliyoachwa wazi humwaga mfuko mzima kabla hujageuka. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuko pale ambapo kikomo chake kitafika.

Hali isipotulia baada ya dakika tano, rudia dozi ya kwanza, na unaweza kuirudia tena mara moja baada ya nyingine tano. Ongeza dripu mara mbili, iwe ml 0.5 kwa kilo kwa dakika. Mgonjwa akitulia, endeleza dripu kwa angalau dakika 15 zaidi. Ukiikata mapema sumu inaweza kurudi.

Moyo ukisimama

Anza kukandamiza kifua mara moja huku mafuta yakiingia. Mafuta hayafiki kwenye moyo bila damu kuzunguka, kwa hiyo mikono yenu ndiyo inayoyapeleka.

Tofauti kubwa na ufufuaji wa kawaida iko kwenye adrenalini. Ile mg 1 iliyozoeleka ni kubwa mno hapa: huuchosha moyo uliolewa ganzi, huvuruga mapigo, na hudhoofisha kazi ya mafuta. Anza na mikrogramu 1 kwa kilo au chini yake. Njia rahisi ni kuchukua ampuli moja ya mg 1, kuijaza kwa maji ya chumvi mpaka ml 20, ukapata mikrogramu 50 kwa kila ml. Kwa mtu wa kilo 50, ml 1 ndiyo dozi. Bandika lebo kwenye bomba hilo kabla halijatoka mkononi mwako.

Mapigo yakivurugika, amiodaroni inaruhusiwa. Lignokaini hapana, maana nayo ni ganzi. Vasopresini, dawa za kuziba kalsiamu na zile za kupunguza kasi ya moyo kama propranololi ziepuke.

Msikate tamaa mapema. Ufufuaji huu unaweza kupita saa moja, na wagonjwa wameamka wakiwa na akili zao baada ya muda mrefu wa kukandamizwa vizuri. Pangeni zamu, mbadilishane kila dakika mbili. Mkiwa karibu na kituo cha upasuaji wa moyo, wapigieni simu mwanzoni kabisa, siyo baada ya kushindwa.

Kituo ambacho hakina mafuta

Zahanati na vituo vingi vya afya havina dripu hii, na ganzi inachomwa kila siku. Ningeshauri hapo bupivakaini isitumike kabisa kwa kuchoma kidonda au neva. Lignokaini inatosha kwa kazi nyingi na sumu yake kwa moyo ni nyepesi kuliko ya bupivakaini. Kaa chini kabisa ya kikomo, weka kanula kabla ya kuchoma, na uwe na ambu, oksijeni na diazepamu pembeni. Sumu ikitokea, hewa na kifua ndivyo vitakavyomvusha: wengi wanaopata degedege tu hupona kwa oksijeni na kupumulishwa vizuri. Ulizeni leo hospitali ya wilaya au ya kaunti kama wodi yao ya watoto njiti ina mafuta, na muandike namba ya simu ya wodi hiyo ukutani.

Baada ya kutulia

Aliyepata dalili za ubongo pekee mwangalie kwa saa 2 angalau. Ambaye moyo uliguswa, saa 4 hadi 6 kwenye monita, na moyo uliosimama ni wa chumba cha mahututi. Pima kongosho kwa vipimo vya damu vya amilesi au lipesi, kwa sababu mafuta mengi yanaweza kulivimbisha. Aliye na mzio wa soya au mayai mtazame kwa makini zaidi, ingawa mzio huo haukuzuii kumpa mafuta moyo unapokuwa hatarini.

Damu ya vipimo ichukuliwe kabla ya mafuta kama kuna nafasi. Ikichukuliwa baadaye itakuwa na weupe kama maziwa, na vipimo kadhaa vitatoa majibu yasiyo sahihi. Andika kwenye fomu ya maabara kwamba mgonjwa amepewa emulsheni ya mafuta, na saa aliyopewa. Kwenye faili andika dawa ya ganzi, asilimia yake, jumla ya miligramu, mahali ilipochomwa, dakika dalili zilipoanza na mililita za mafuta zilizotumika. Mpe mgonjwa nakala fupi ya maelezo hayo aende nayo nyumbani, na kabla zamu haijaisha agiza mfuko mwingine wa kurudisha kisandukuni.